Somo la Robo Hii: Je, Kumpunguzia Kodi Mwenye Mtaji Mkubwa Kunakuza Uchumi?



Somo hili limezaliwa na swali. Katika semina ya viongozi wa vikundi vya VICOBA hapa Sumbawanga tulikuwa tumepanga kujifunza utunzaji wa daftari la mikopo. Kabla hatujafika mbali, kijana mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti akanyoosha mkono.

"Mratibu," akasema, "mimi nikichelewa kulipa kodi nafungiwa mashine. Redioni nasikia mwekezaji mkubwa anasamehewa kodi ili uchumi ukue. Mimi nikisamehewa, uchumi haukui?"

Ukumbi ukacheka. Lakini mama mmoja kutoka Laela, mnunuzi wa maharage wa siku nyingi, akamjibu kabla yangu: "Mwanangu, wenye mitaji wakiondoka wote, hayo mafuta yako utamuuzia nani?"

Basi daftari la mikopo likawekwa pembeni kwa saa nzima. Mimi mwenyewe nilisoma mambo ya mipango na maendeleo chuoni, lakini siku ile nilijibu kwa maneno ya jumla, na niliona kwenye nyuso za washiriki kwamba sikuwaridhisha. Nimerudi kwenye vitabu na kumbukumbu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Hoja inavyosimama

Tuanze kwa kuitendea haki hoja yenyewe, maana si hoja ya kijinga. Wanaoitetea husema hivi. Kampuni ikipata faida, sehemu inakwenda serikalini kama kodi. Ukipunguza sehemu hiyo, kampuni inabaki na fedha zaidi. Fedha hizo itanunulia mashine, itajengea ghala, itaajiri watu. Walioajiriwa watanunua unga na bati, na muuza bati naye ataajiri. Mwishowe uchumi unakuwa mkubwa kiasi kwamba hata kodi ndogo inaleta mapato makubwa kuliko ya mwanzo. Kwa mtu mwenye kipato kikubwa wanasema vivyo hivyo: akiachiwa zaidi, atafanya kazi zaidi na kuwekeza zaidi.

Wazo hili ni la zamani. Mwanazuoni Ibn Khaldun wa Afrika ya Kaskazini aliandika katika karne ya 14 kwamba utawala mchanga hutoza kidogo na kuvuna kingi, na utawala uliozeeka hutoza kingi na kuvuna kidogo. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Arthur Laffer alilichora wazo hilo kwa mstari uliopinda: kodi ikiwa sifuri serikali haipati kitu, na ikiwa asilimia 100 haipati kitu pia, kwa sababu hakuna atakayefanya kazi. Mahali fulani katikati pana kiwango ambacho ukikipita unajiumiza mwenyewe.

Mpaka hapo hakuna wa kubisha. Ubishi ni kuhusu mahali tulipo sisi kwenye mstari huo. Tena mnyororo ule una pete nyingi, na kila pete inaweza kukatika. Faida iliyobaki inaweza kununua mashine hapa, au inaweza kupelekwa nje kama gawio kwa wenye hisa. Kampuni inaweza kuwa na fedha tele na isijenge kitu, kwa sababu barabara ni mbovu au wanunuzi hawana fedha. Na serikali iliyopunguza kodi hapa lazima izibe pengo pale: ikope, ipandishe tozo nyingine, au iache zahanati bila dawa.

Mkulima wa Ufipa anaielewa hesabu hii bila mstari wa Laffer. Mwishoni mwa masika anakusanya nyasi, anazifukia kwenye kilima cha ntumba na kuziacha zioze. Msimu unaofuata anakivunja kile kilima na kuisambaza rutuba shambani. Nyasi zilizofukiwa zingeweza kulishwa ng'ombe leo. Hatukatai ng'ombe kula. Tunauliza tu ni kiasi gani cha nyasi kibaki kwa ajili ya udongo.

Dhahabu: somo tulilolilipia wenyewe

Hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano wa kwanza. Tanzania ilifanya jaribio hili kwa ukubwa wake katika miaka ya 1990. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 1997 na Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ziliandikwa wakati nchi ikitoka kwenye ukata mkubwa, viwanda vya umma vikiwa vimekufa au vinauzwa. Wawekezaji wa madini walipewa masharti laini sana. Mrabaha wa dhahabu uliwekwa kuwa asilimia 3. Gharama zote za mtaji ziliruhusiwa kutolewa kwenye faida kabla ya kodi. Baadhi ya mikataba iliweka kwamba mgodi uilipe halmashauri dola 200,000 kwa mwaka, badala ya ushuru wa huduma ambao kampuni nyingine hulipa kwa asilimia 0.3 ya mauzo. Na mikataba ilifungwa kwa ahadi kwamba masharti hayatabadilishwa.

Je, wawekezaji walikuja? Walikuja. Golden Pride kule Nzega ilianza mwaka 1998, Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, North Mara mwaka 2002, Tulawaka mwaka 2005 na Buzwagi mwaka 2009. Migodi mikubwa 6 katika miaka 11. Dhahabu ikawa juu kabisa katika orodha ya bidhaa tunazouza nje. Anayesema masharti laini hayakuleta chochote anasahau hili. Anasahau pia kwamba mwaka 1999 bei ya wakia moja ya dhahabu ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 250, na nchi yetu haikuwa na sifa yoyote ya uchimbaji mkubwa wa kisasa. Mimi nadhani mwaka ule masharti nafuu ya namna fulani yalihitajika.

Tatizo lilikuja baadaye. Bei ilipanda, na kufikia mwaka 2011 ilikuwa imepita dola 1,800. Masharti yakabaki yaleyale ya siku za njaa, maana yalifungwa. Migodi mingi ilikaa miaka mingi bila kulipa kodi ya mapato ya kampuni, kwa maelezo kwamba bado inafidia gharama za mtaji au inapata hasara. Wananchi wa vijiji jirani waliona dhahabu ikipakiwa, na shule ya kijiji ikabaki bila madawati. Uchumi kwenye karatasi ulikua vizuri miaka ile, asilimia 6 hadi 7 kwa mwaka. Lakini mgodi wa kisasa ni mashine nyingi na watu wachache, na mahitaji yake mengi yaliagizwa kutoka nje.

Hapa taasisi za dini ziliingia, na ni vizuri wanachama wetu wakalijua hilo. Mwaka 2008 Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ambayo KKKT ni mwanachama wake, pamoja na Baraza la Maaskofu Katoliki na BAKWATA, walitoa ripoti ya pamoja kuhusu mapato ya dhahabu, iliyoandikwa na Mark Curtis na Tundu Lissu. Mwaka uleule tume ya Jaji Mark Bomani, iliyoundwa na Rais Kikwete mwishoni mwa 2007, ilikabidhi mapendekezo yake. Mwaka 2012 taasisi hizo za dini zikarudi na ripoti ya pili, iliyouliza swali la dola bilioni moja. Hicho ndicho kiasi, au zaidi, ambacho waandishi walikadiria kuwa nchi inapoteza kila mwaka kwa misamaha, ukwepaji wa kodi na utoroshaji wa fedha. Kwa mwaka wa fedha 2011/12 misamaha ya kodi peke yake ilifikia shilingi trilioni 1.8, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akaipigia kelele. Sheria mpya ya VAT ya mwaka 2014 ilipunguza sehemu ya misamaha hiyo.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4. Mwaka 2017 ukapanda hadi 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na serikali ikajiwekea hisa zisizopungua asilimia 16. Mwaka huohuo usafirishaji wa makinikia ulizuiwa, na kampuni ya Acacia ikadaiwa kodi na adhabu za dola bilioni 190. Hatimaye Barrick, walioichukua Acacia mwaka 2019, walikubali kulipa dola milioni 300 na kuunda kampuni ya Twiga pamoja na serikali.

Wengine husimulia habari hiyo kama ushindi mtupu. Lakini kumbukeni kwamba Bulyanhulu ilisimamisha uchimbaji wa chini ya ardhi mwishoni mwa 2017, na wafanyakazi wengi wakapoteza ajira. Uchimbaji ulirejea baada ya makubaliano. Kodi ikipandishwa ghafla, kwa amri na kwa ugomvi, mwenye kuumia kwanza ni kibarua.

Mwekezaji anatafuta nini?

Mwaka 2011 watafiti wa Benki ya Dunia waliwauliza wawekezaji waliokwisha kuwekeza Tanzania kama wangekuja hata bila nafuu ya kodi. Asilimia 91 walijibu kwamba wangekuja. Uganda walikuwa asilimia 93 na Rwanda 98. Mtu anaweza kusema kwamba jibu la dodoso si sawa na uamuzi wenyewe, na ni kweli. Lakini hata tukipunguza nusu ya takwimu hiyo, bado ni fedha nyingi tulizowapa watu waliokuwa wanakuja hata hivyo.

Kwa upande wetu wa Ufipa jibu hili si geni. Nani asiyekumbuka barabara ya Tunduma kabla ya lami? Wakati wa masika malori ya mahindi yalilala njiani siku nyingi, tandiboi wakichimba magurudumu kwa majembe. Mnunuzi aliyefika hapa alishusha bei ya gunia kwa sababu aliingiza hesabu ya springi zitakazokatika. Msamaha gani wa kodi ungemleta mwenye kiwanda Sumbawanga siku zile? Umeme nao kwa miaka mingi tulitegemea wa kununua Zambia na jenereta za dizeli, na mwenye mashine aliyeunguza mota kwa umeme wa kuyumba anajua hasara yake kuliko kiwango cha kodi ya makampuni.

Lami ilipofika, mambo yalibadilika mbele ya macho yetu: mabasi yakaongezeka, maghala yakajengwa, na bei ya mahindi ikakaribiana na ya Mbeya. Barabara ile haikujengwa na faida ya kampuni iliyosamehewa kodi. Ilijengwa kwa kodi, na sehemu kubwa ilikuwa kodi ya wananchi wa Marekani, kupitia Mfuko wa Changamoto za Milenia ambao mkataba wake na Tanzania ulisainiwa mwaka 2008. Hili huwa nalitafakari. Mlipa kodi wa Kansas alichangia kuufungua uwanda wa Ufipa.

Jirani zetu na wale wa mbali

Nimetaja Kansas kwa makusudi. Mwaka 2012 gavana wa jimbo hilo, Sam Brownback, alipunguza sana kodi za mapato na kuwasamehe kabisa wenye biashara za aina fulani, akiahidi kwamba uchumi utalipuka. Haukulipuka. Jimbo lilikua polepole kuliko wastani wa nchi, hazina ikakauka, na mwaka 2015 shule za baadhi ya wilaya zilifunga mapema kwa kukosa fedha. Mwaka 2017 wabunge, wengi wao wa chama chake mwenyewe, waliifuta sera hiyo juu ya kura yake ya turufu.

Uingereza nao, Septemba 2022, serikali ya Waziri Mkuu Liz Truss ilitangaza kufuta kiwango cha asilimia 45 kinachotozwa wenye vipato vya juu, bila kueleza pengo litazibwaje. Ndani ya siku chache paundi ilishuka vibaya, na wakopeshaji wakapandisha riba. Tarehe 20 Oktoba alitangaza kujiuzulu.

Mifano ya mtu mmoja mmoja inaweza kupotosha, kwa hiyo ni vizuri kutazama nchi nyingi kwa pamoja. David Hope na Julian Limberg, watafiti walioko London, walichapisha mwaka 2020 uchunguzi wa nchi tajiri 18 kwa muda wa miaka 50. Kila kodi za matajiri zilipopunguzwa kwa kiasi kikubwa, fungu la mapato la asilimia 1 ya juu liliongezeka. Ukuaji wa uchumi na ajira havikubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Mtafiti mwingine, Owen Zidar, alitazama Marekani na kukuta kwamba ajira ziliongezeka zaidi pale waliopunguziwa walipokuwa watu wa asilimia 90 ya chini, si wale wa juu.

Kwa upande wa makampuni picha si hiyo kabisa, na nisingependa msomaji adhani mambo yote yako upande mmoja. Uchunguzi wa nchi 85 uliochapishwa mwaka 2010 na Simeon Djankov na wenzake ulionyesha kwamba kodi kubwa ya makampuni huendana na uwekezaji mdogo na biashara mpya chache. Marekani iliposhusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21 mwaka 2017, kampuni zilizonufaika ziliwekeza zaidi. Lakini mishahara iliongezeka kidogo mno kuliko ilivyoahidiwa, na mapato yaliyopotea hayakurudi yote.

Kwa jirani zetu Kenya mambo yalikwenda hivi. Aprili 2020, kwa sababu ya korona, serikali ilishusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 30 hadi 25, kiwango cha juu cha kodi ya mishahara kutoka 30 hadi 25, na VAT kutoka 16 hadi 14. Nafuu hiyo ikaondolewa tarehe 1 Januari 2021. Mwaka wa nafuu uchumi ulisinyaa kidogo, na mwaka wa kurudisha kodi ulikua kwa zaidi ya asilimia 7. Je, tuseme kodi kubwa ndiyo iliyokuza uchumi? Hapana. Ni ugonjwa uliofunga biashara, na ni kufunguliwa kulikozirudisha. Nimeuleta mfano huu ili kikundi kijizoeze kukataa hesabu za haraka, hata zile zinazotupendeza.

Baadaye, mwaka 2023, Kenya iliweka viwango vya asilimia 32.5 na 35 kwa mishahara mikubwa. Lakini iliongeza pia makato na tozo kwa watu wa kawaida, na Juni 2024 vijana wakajaa barabarani kupinga Muswada wa Fedha. Rais wao wakampa jina la Zakayo. Wasomaji wetu wa Biblia hawahitaji kuelezwa maana yake.

Hesabu ya mwalimu na ya mkurugenzi

Turudi nyumbani na tushike kalamu. Hapa Tanzania kiwango cha juu cha PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, ni asilimia 30, na kodi ya mapato ya makampuni ni asilimia 30 pia. Kilichopunguzwa mara kwa mara ni kiwango cha chini. Kilikuwa asilimia 14, kikashuka mwaka hadi mwaka kuanzia 2013 hadi kufika 9 mwaka 2016, na 8 mwaka 2021. Mwaka 2020 mshahara usiotozwa kabisa ulipandishwa kutoka shilingi 170,000 hadi 270,000 kwa mwezi.

Chukua mwalimu ambaye mshahara wake unaotozwa kodi ni shilingi 520,000. Anatozwa asilimia 8 ya zile 250,000 zinazozidi 270,000, yaani shilingi 20,000. Kiwango kiliposhuka kutoka 9 hadi 8 alipata nafuu ya shilingi 2,500 kwa mwezi. Ni ndogo, lakini itabaki Sumbawanga: ni maharage, ni sabuni, ni hisa ya VICOBA.

Sasa tuseme mtu anapendekeza kiwango cha juu kishuke kutoka asilimia 30 hadi 25. Mkurugenzi mwenye mshahara wa shilingi 5,000,000 anatozwa kiwango hicho kwenye zile 4,000,000 zinazozidi milioni moja. Nafuu yake ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Gawanya kwa 2,500: ni nafuu ya walimu 80. Swali la uchumi, ukiweka huruma pembeni, ni kwamba hizo 200,000 zitazungusha biashara ngapi zaidi kwa mkurugenzi mmoja kuliko kwa walimu 80? Mkurugenzi huenda ataziweka benki na benki itamkopesha mjenzi wa kiwanda. Inawezekana. Au zitakwenda kwenye gari lililoagizwa Japani.

Kodi inayoumiza kweli

Katika kuandaa somo hili nimejikuta nikikubaliana na yule kijana wa alizeti kuliko nilivyotarajia, ila kwa sababu tofauti na yake. Yeye alilalamikia ukubwa wa kodi. Mimi naona tatizo liko kwenye namna inavyotozwa.

Kampuni kubwa inatozwa kwenye faida. Ikipata hasara, hasara hiyo inahamishiwa miaka inayofuata. Mfanyabiashara mdogo, ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, kwa kawaida anatozwa kwa mauzo. Kwa kurahisisha hesabu, tuchukue kiwango cha asilimia 3. Mnunuzi wa mahindi ameuza mzigo wa shilingi milioni 60 kwa mwaka, na baada ya magunia, usafiri na vibarua amebakiwa na faida ya milioni 3. Kodi yake ni shilingi 1,800,000, yaani asilimia 60 ya faida. Kampuni yenye faida hiyohiyo ingelipa asilimia 30, yaani 900,000. Na mahindi yakishuka bei akapata hasara, kodi ya mauzo iko palepale. Sheria inamruhusu kuomba atozwe kwa faida, lakini sharti atunze hesabu zinazokubalika. Ndiyo maana lile daftari tulilolisukuma pembeni siku ya semina lina thamani kuliko mnavyodhani.

Hali ni hiyohiyo kwa misamaha. Chini ya sheria ya 1997, Mtanzania alihitaji mtaji usiopungua dola 100,000 ili apate cheti cha nafuu za uwekezaji. Sheria ya 2022 ilishusha hadi dola 50,000. Ni mashine ngapi za kukamua alizeti hapa mjini zinafika hapo?

Na ziko nafuu ambazo tumeziona zikifanya kazi. Mwaka 2003 serikali ilifuta kodi ya maendeleo ya kichwa pamoja na tozo nyingi za kero, na wanaume wakaacha kukimbilia porini wanapomwona mgambo. Bajeti ya 2017/18 ilipendekeza kushusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na kutotoza mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa mwenye magunia matano kwenye lori la watu hiyo ni nafuu ya moja kwa moja. Ushuru mkubwa wa getini ulikuwa unamfundisha mkulima njia za panya, na halmashauri ikakosa vyote. Hapo Ibn Khaldun na Laffer walikuwa sahihi kabisa, kwenye geti la mazao.

Msimamo wangu, basi, ni huu, na kikundi kinaruhusiwa kuupinga. Kushusha kodi za wenye vipato vikubwa hapa kwetu sioni ushahidi kwamba kutaongeza hata gunia moja. Kwa makampuni, nafuu inaweza kufaa ikifungwa kwenye kitu kinachoonekana, kama mashine iliyonunuliwa au kiwanda kilichojengwa, ikiwa na tarehe ya kwisha, na ikisomwa hadharani kama matumizi mengine ya serikali. Msamaha wa jumla wa miaka 10, kama ule uliokuwa ukitolewa kwa viwanda vya maeneo maalumu ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje chini ya sheria ya 2002, unamnufaisha zaidi mwenye faida kubwa na ya haraka, ambaye ndiye mwenye uhitaji mdogo. Tukumbuke pia kwamba mapato yetu ya kodi ni kati ya asilimia 11 na 13 tu ya Pato la Taifa, wakati wastani wa nchi tajiri ni karibu 34. Wao wanabishana kupunguza kutoka kwenye debe lililojaa. Sisi debe letu halijafika nusu.

Oktoba 2024 Rais Samia alizindua Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi, mwenyekiti wake akiwa Balozi Ombeni Sefue. Aidha, kila mwaka kabla ya bajeti Wizara ya Fedha hukaribisha maoni ya wananchi kuhusu kodi. Wenye makampuni makubwa hupeleka maoni yao yamechapwa vizuri na wanasheria. Kutoka vikundi vyetu sijawahi kuona hata karatasi moja, na katika hilo nami nina lawama, maana ni kazi ya ofisi yangu kuwakumbusha.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kila mwanachama aandike kodi, ushuru na tozo zote alizolipa kwa miezi 3 iliyopita, pamoja na zile zilizo ndani ya bei ya vocha, sabuni na mafuta ya taa. Ni ipi iliyomkatisha tamaa ya kuzalisha, na ni ipi aliyoilipa bila hata kuiona?

2. Mama wa Laela aliuliza, wenye mitaji wakiondoka, kijana atamuuzia nani mafuta. Mngemjibu nini? Mtaje mnunuzi mmoja mkubwa wa mazao katika kata yenu, na mjadili ni kitu gani kilichomleta.

3. Kama mwekezaji angeahidi kujenga kinu cha kusaga ngano Mpui kwa sharti la kusamehewa kodi miaka 10, kikundi kingetaka masharti gani yaandikwe kwenye mkataba, na nani akague?

4. Rudieni hesabu ya mnunuzi wa mahindi kwa kutumia namba halisi za mwanachama mmoja aliye tayari. Andikeni matokeo kwenye karatasi moja bila kutaja jina lake, na mlete ofisini kabla ya semina ijayo. Tutayaunganisha ya vikundi vyote na kuyapeleka wizarani pamoja.